Gari Litetemapo Kwenye Kona

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, madereva na mafundi, Sigalame)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja tu: gari linalotetema likienda pole pole, hasa likipinda kona. Labda mwingine atauliza, watu wa reli wana shauri gani na magari ya barabara? Twajibu kwamba mzigo ukishuka katika behewa hupanda juu ya lori, na dereva akikatwa mshahara kwa kosa lisilo lake, nyumba itakayolala njaa ni ya mfanya kazi mwenzetu. Tena magurudumu na ekseli ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Basi tuanze na reli. Katika behewa magurudumu mawili yameshindiliwa katika ekseli moja, nayo huzunguka pamoja daima. Uso wa gurudumu umechongwa mshazari kidogo, ili kwenye kona gurudumu la nje likanyage kwa sehemu yake nene, na la ndani kwa sehemu yake nyembamba. Kona ikiwa kali mno, gurudumu huteleza juu ya chuma, nasi husikia ule mlio mkali unaoumiza masikio.

Gari la barabara haliwezi kwenda hivyo. Chukueni gari ambalo magurudumu yake ya nyuma yameachana mita 1.5. Likizunguka duara moja kamili, gurudumu la nje husafiri kama mita 9.4 zaidi ya lile la ndani, duara iwe kubwa au ndogo. Kwa sababu hiyo imewekwa difu, ili kila gurudumu liende kwa mwendo wake.

Lakini difu ya kawaida ina udhaifu wake. Gurudumu moja likiingia katika tope, huzunguka bure, na mwenzake aliye pakavu hana nguvu ya kulitoa gari. Kila aliyepita njia za udongo za Samia wakati wa masika ayajua haya. Ili kuuponya udhaifu huo, difu nyingine zimetiwa sahani nyembamba za chuma, zimepangwa pamoja kama za klachi, zinabanwa na springi. Gurudumu moja likitaka kukimbia peke yake, sahani humshika. Mwaka 1956 kampuni ya Packard ya Marekani iliiweka difu ya namna hii katika motokaa zake, nayo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuzwa kwa watu wote. Siku hizi imo katika baadhi ya pikapu na malori madogo, na mafundi huiita LSD. Malori makubwa ya trela yanayopanga foleni Malaba na Busia, mengi yana kufuli ya difu, nacho ni chombo kingine.

Sasa kwa nini itetemeshe gari? Buruteni sanduku zito juu ya sakafu. Haliendi sawa sawa. Hushika, huruka, hushika tena, huruka tena. Sahani ndani ya difu hufanya vivyo hivyo zikikosa mafuta yanayozifaa. Kwenye kona zatakiwa ziteleze pole pole, lakini zinashika na kuachia mara nyingi upesi upesi, na dereva anasikia mtetemo chini ya kiti, pengine na mngurumo. Mafuta ya difu hiyo yana dawa ndani yake ya kuzuia kushika huko. Mafuta ya gia ya kawaida, hata yakiwa mapya na ya bei kubwa, pengine hayana dawa hiyo.

Yatupasa kwenda kwa taratibu, bila kukimbilia spana.

Kwanza, jueni gari lina difu gani. Tazameni kibati au maandishi karibu na nati ya kutilia mafuta, au someni kitabu cha gari. Kama hakuna, inueni magurudumu yote mawili ya nyuma, gari likae juu ya stendi imara, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigogo, injini izimwe, gia iwe fri, na breki ya mkono iachiwe. Zungusheni gurudumu moja kwa mkono. Katika difu ya kawaida mwenzake huzunguka kinyume. Katika difu ya sahani huzunguka upande ule ule, ila kama sahani zimekwisha sana.

Pili, ulizeni mtetemo waja lini. Ukija gari likianza mwendo kwa njia iliyonyooka, shukuni klachi, krosi za propela, beringi ya katikati, au mipira inayokalia injini. Ukija kwenye kona tu, pole pole, hasa baada ya safari mafuta yakiwa yamepata moto, hapo difu yaingia katika shauri. Kama gari lavuta kwa magurudumu manne, liondoeni kwanza katika hali hiyo, maana kwenye njia kavu hali hiyo peke yake hulifanya gari lishikane na kugonga likipinda.

Tatu, pimeni matairi. Tieni alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukumeni gari mpaka tairi lizunguke mara moja kamili, kisha pimeni urefu wake. Fanyeni hivyo kwa matairi yote mawili ya nyuma. Tairi jipya likifungwa pamoja na lililokwisha, sahani hazipumziki hata katika njia iliyonyooka. Zinasagika mchana kutwa.

Nne, mwageni mafuta mkayatazame. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa kucha ni habari mbaya. Mafuta meupe kama maziwa yameingiwa na maji, labda gari lilipita katika mafuriko na maji yakaingia kwa tundu la kupumulia.

Tano, tieni mafuta yaliyoandikwa kitabuni kwa difu hiyo, na dawa kwa kipimo cha mtengenezaji. Msizidishe, maana sahani zitateleza na difu itakuwa kama ya kawaida. Kisha endesheni gari pole pole katika uwanja ulio wazi, mkichora namba 8, mara 8 hadi 12, ili mafuta yapenye katikati ya sahani. Mara nyingi mtetemo huisha hapo. Ukiendelea, sasa ndipo difu ifunguliwe, na fundi atafute sahani zilizoungua, zilizopinda au zilizokwisha.

Ndugu mafundi, neno hili lisikieni kuliko yote. Msiinue gurudumu moja la gari lenye difu hii, kisha mkawasha injini na kutia gia. Katika gari la kawaida gurudumu lililo chini husimama. Katika hili gurudumu hilo hupata nguvu na kulisukuma gari litoke juu ya jeki, na aliye chini yake hana pa kukimbilia. Mwenye gari akikuharakisha, mwache aharakishe. Gari hununuliwa jingine. Baba wa watoto hanunuliwi.

Nanyi madereva, andikeni. Siku mtetemo ulipoanza, mafuta yaliyotiwa na jina lililo juu ya mkebe, na nani aliyeyatia, yote yaandikwe katika daftari la gari na kutiwa sahihi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa sababu mfanya kazi alikosa kwa makusudi. Makato yote pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Difu iliyotetema kwa kutiwa mafuta yasiyofaa, yaliyonunuliwa na mtu mwingine, si kosa la makusudi la dereva. Lakini bila maandishi, ni neno la mdogo juu ya neno la mkubwa, na tunajua neno la nani husikilizwa. Akiitwa ofisini, dereva aje na daftari lake, na mwakilishi wa chama akae karibu naye.

Ndugu zetu, nchi hii ya Samia ilisifika tangu zamani kwa wahunzi wake, waliofua majembe kwa chuma cha vilima hivi. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuambiwa na watu wa reli kwamba chuma husomwa kabla ya kupigwa nyundo. Twaomba tu desturi hiyo ihamie gereji: tuulize, tupime, tutazame mafuta, ndipo tufungue.

Kwa hayo twamaliza. Mwenye swali alilete sasa, na mwenye gari linalotetema alilete uwanjani tulijaribu pamoja.