Sufuria na Simu
(Hotuba kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme jinsi vyombo vya habari vinavyoweza kuzuia wanawake kupigwa. Naanza na aibu yangu. Nilipokuwa kijana nimepanga chumba mjini, jirani yangu alikuwa akimpiga mkewe usiku. Ukuta ulikuwa mwembamba. Mimi, niliyesomeshwa hapa, niliongeza sauti ya redio. Asubuhi tukasalimiana bombani kama kawaida. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kusema kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga!

Redio ingeweza kufanya kazi nyingine. Mwaka 1999, huko Afrika Kusini, mchezo wa kuigiza uitwao Soul City, uliorushwa katika televisheni na redio, ulionyesha mume anayempiga mkewe. Majirani hawakujifungia ndani. Walitoka na sufuria, wakazigonga mpaka yule bwana akajua kwamba wanamsikia. Pamoja na mchezo huo kulikuwa na namba ya simu ya kuomba msaada. Hakuna mahubiri, watu walionyeshwa tu la kufanya.

Siku hizi kila mtu ana sufuria yake mfukoni. Novemba 2014, mjini Nairobi, wanaume walimvua mwanamke nguo hadharani, na video ikasambazwa kwa simu. Kwa simu hizo hizo watu waliitana, wakaandamana tarehe 17 ya mwezi huo.

Sasa nyumbani kwetu. Hivi karibuni, katika kundi letu la WhatsApp, mwenzetu alileta video ya mama akipigwa. Nilihesabu vicheko 11. Wawili waliuliza ni wapi. Hakuna aliyesema iondolewe, nami nikiwemo.

Vijana, mkiletewa video ya namna hiyo na mhusika mnamjua, msiifute kwanza, kwani ni ushahidi. Mpelekeeni mwalimu mnayemwamini, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwenye kundi isiende.

Nanyi wazee wenzangu, ile yetu ingali kwenye simu zenu. Ndugu Mwenyekiti, naomba kabla ya chakula tumtafute aliyeileta atueleze aliipata wapi. Yumo humu ukumbini.