Jua la Igoma na Shule ya Ngozi ya Moshi

Leo tunaanzia Igoma, upande wa mashariki wa jiji la Mwanza, kando ya barabara ya Musoma. Walio mbali wanaijua Igoma kwa makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Wanaoishi hapo wanaijua pia kwa soko, kwa stendi ya daladala, na kwa jua. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Saa sita mchana jua liko utosini, na anayeuza nyanya chini, juu ya kiroba, hana pa kukwepea.

Sasa mtu wa Igoma akiota kidonda kwenye mdomo wa chini, miezi mitatu ikapita hakijapona, aende wapi? Leo njia inajulikana: zahanati au kituo cha afya, kisha rufaa hadi hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando. Kuna wakati njia hiyo haikuwapo. Mgonjwa alianzia duka la dawa akapewa mafuta, akaenda kwa mganga akapewa majani, akarudi nyumbani kusubiri. Historia ya namna njia ilivyofunguka haianzii Mwanza. Inapitia Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Zamani, huduma ya ngozi katika nchi hii ilikuwa karibu sawa na huduma ya ukoma. Daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, alikuwa ameshamwona mdudu wa ukoma mwaka 1873, lakini kwa miongo mingi wagonjwa waliendelea kutengwa. Kusini mwa jiji la Mwanza, wilayani Misungwi, makazi ya Bukumbi yaliwahifadhi wazee na watu walioathiriwa na ukoma. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tiba ya dawa mchanganyiko, yaani dapsone, rifampicin na clofazimine kwa pamoja. Kila wilaya ikapata mratibu wake. Huyu alijifunza kugusa baka la ngozi kwa ncha ya pamba na kumuuliza mgonjwa, macho yakiwa yamefumbwa, kama anahisi kitu. Asiyehisi ndiye anayeunguza vidole kwenye sufuria bila kujua.

Mratibu aliujua ukoma vizuri. Shida ilikuwa kwa yule asiye na ukoma.

Na hao ndio waliokuwa wengi. Utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta zaidi ya robo ya watu wana ugonjwa wa ngozi, mwingi ukiwa wa kuambukizana, na nyumba zenye msongamano zikiwa na wagonjwa zaidi. Upele, mapunye kichwani kwa watoto wa shule, majipu, fangasi. Haya hayaui haraka, ndiyo maana yalidharauliwa. Lakini mama anayekesha na mtoto anayejikuna hadi damu hawezi kuamka alfajiri kwenda shamba, na mwenye mabaka usoni hukwepa watu hata kanisani. Dharau hiyo iligharimu watu wengi, na bado haijaisha yote.

Mwaka 1971 ulikuwa mwaka mkubwa kwa hospitali nchini. Machi ya mwaka huo ilifunguliwa hospitali ya KCMC mjini Moshi, kazi ya Shirika la Msamaria Mwema na makanisa. Mwaka huohuo Bugando ikafunguliwa juu ya kilima chake Mwanza, kazi ya Kanisa Katoliki. Serikali iliitaifisha Bugando mwaka 1972 na kuirudisha kwa maaskofu mwaka 1985. Majengo mawili makubwa, ncha mbili za kaskazini mwa nchi. Madaktari bingwa wa ngozi wakabaki wachache mno.

Hapo ndipo wazo lenyewe lilipozaliwa. Mwaka 1987 vyama vya madaktari wa ngozi duniani viliunda taasisi ya kupeleka huduma ya ngozi katika nchi maskini. Miongoni mwa waliolisukuma jambo hili walikuwa Terence Ryan wa Oxford na Alfred Kopf wa New York. Swali lao lilikuwa la hesabu tu: daktari bingwa mmoja anasomeshwa zaidi ya miaka kumi, kisha mara nyingi hubaki mjini. Ukisubiri mabingwa watoshe, vizazi vitapita. Ugonjwa mwingi wa ngozi unatambuliwa kwa jicho lililofundishwa, kidole kinachopapasa na maswali mazuri. Basi kwa nini asifundishwe tabibu, yule ambaye tayari yuko wilayani na hana mpango wa kuondoka?

Mwaka 1992, kwa ushirikiano wa taasisi hiyo, Wizara ya Afya ya Tanzania na Shirika la Msamaria Mwema, kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kikafunguliwa KCMC. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mjerumani, Dkt. Henning Grossmann. Baadaye uongozi ukashikwa na Watanzania, akiwamo Profesa John Masenga. Matabibu, madaktari wasaidizi na wauguzi wenye uzoefu walichukuliwa kwa stashahada ya juu ya miaka miwili, ya magonjwa ya ngozi na ya zinaa. Walitoka Tanzania, Uganda, Kenya, Malawi, Zambia, Ethiopia na kwingineko, na wahitimu wamepita 200. Madaktari nao wakaja kusomea ubingwa kwa miaka minne. Asubuhi ni kliniki yenye foleni, wanafunzi wamemzunguka mgonjwa mmoja, na mwalimu hataki kusikia jina la ugonjwa kabla hajaelezwa anachokiona mwanafunzi: baka lina rangi gani, kingo zikoje, limekaa wapi, lina magamba au halina. Kuna pia chumba cha kuchanganyia dawa. Mafuta ya salfa ya upele na marhamu ya kulainisha magamba hutengenezwa hapohapo, kwa kuwa dawa ya dukani inaweza kumshinda mgonjwa kwa bei.

Msikilizaji anaweza kuuliza: je, mtumishi wa kawaida wa zahanati kweli anaweza kubeba kazi nzito namna hiyo? Jibu lenye nguvu kuliko yote lilitoka Mwanza yenyewe, katika nusu ya pili ya somo lile, magonjwa ya zinaa.

Mwaka 1991 watafiti wa taasisi za Tanzania na Uingereza, wakiwamo Frank Mosha na mwenzake Heiner Grosskurth, walianza jaribio katika vijiji vya mkoa wa Mwanza. Walichukua maeneo 12, wakayapanga jozi sita. Katika kila jozi, eneo moja watumishi wa zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, wakapewa dawa za uhakika na msimamizi wa kuwatembelea. Eneo la pili lilisubiri zamu yake. Walifuatiliwa watu wazima wapatao 12,000 kwa miaka miwili. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet, ulimwengu wa tiba ulishtuka: penye mafunzo, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2, na pasipo na mafunzo asilimia 1.9. Pungufu ya karibu asilimia 40. Waliofanya kazi ile ni watumishi walewale wa zahanati zilezile. Wanafunzi wa afya katika nchi nyingi wamelisoma jina la Mwanza kwa sababu ya jaribio hilo, na ni haki watu wa Mwanza wenyewe walijue.

Turudi kwenye jua.

Daktari wa ngozi Mwingereza, Barbara Leppard, alifika KCMC mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alikuta watu wenye ualbino wakifika hospitali wakiwa na vidonda vilivyokwisha kula sikio au shavu. Mtu mwenye ualbino huzaliwa bila melanini ya kutosha, ile rangi inayoikinga ngozi na miale ya jua, na macho yake pia huona kwa shida. Leppard na wenzake waliamua kuwafuata wagonjwa vijijini kabla hawajaharibikiwa. Ripoti ya mwaka 1995 ilieleza hali ya watu 164 walioandikishwa katika kliniki hizo za kutembea. Madhara ya jua yalionekana tangu utotoni. Mwaka 2002 alichapisha kitabu cha picha za magonjwa ya ngozi ya Kiafrika. Ulikuwa msaada wa kweli, maana vitabu vingi vya awali vilionyesha ngozi nyeupe, ambapo wekundu unaonekana waziwazi. Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa uleule una sura nyingine, na tabibu aliyesoma picha za Ulaya peke yake anaweza kuupita bila kuutambua.

Kanda ya Ziwa ilikuwa inangoja zamu yake, na takwimu za Bugando zinauma. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali hiyo na chuo chake kikuu, ambacho kilianza kufundisha udaktari mwaka 2003, walichapisha taarifa ya wagonjwa 64 wenye ualbino na saratani ya ngozi. Umri wa kati ulikuwa miaka 30. Wengi walikuwa na vidonda vya kichwa na shingo, na sababu kubwa ya kuchelewa ilikuwa fedha. Miaka 30 ni umri wa mtu mwenye watoto wadogo.

Miaka hiyohiyo, kuanzia takribani 2006, mikoa ya Ziwa ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino kwa imani za kishirikina. Redio na magazeti yaliripoti mapanga, na yalipaswa kuripoti. Watoto walikusanywa katika shule za bweni ili wawe salama, mojawapo ikiwa Mitindo ya Misungwi. Saratani haikuwa na kichwa cha habari. Filamu ya Harry Freeland ya mwaka 2012, In the Shadow of the Sun, iliyopigwa kwa miaka kadhaa, ikiwamo kisiwani Ukerewe, ilivuta macho ya watu wa nje. Freeland akaanzisha shirika la Standing Voice, ambalo kwa kushirikiana na wataalamu wa Moshi na Bugando limeendesha kliniki za kuzuia saratani ya ngozi zinazorudi mahali pamoja kila miezi sita. Na ndani ya KCMC, mfamasia Mhispania Mafalda Soto alisimamia kuanzishwa kwa kitengo cha kutengeneza losheni ya jua, Kilisun, inayopikwa Moshi kwa ajili ya ngozi yenye ualbino na hali ya hewa ya hapa. Hili lastahili sifa: losheni za msaada zilizokuwa zikiletwa kutoka nje zilikuja siku moja na kukosekana mwaka mzima.

Kliniki yenyewe huendaje? Mgonjwa anavua kofia na shati, anakaa penye mwanga. Mtaalamu anaanza na ngozi ya kichwa, anashuka kwenye paji la uso, masikio mbele na nyuma, mdomo wa chini, kisogo, mabega, migongo ya mikono. Macho peke yake hayatoshi. Ncha ya kidole hupita taratibu, maana kidoa cha hatari mara nyingi huhisiwa kama msasa kabla hakijaonekana. Kikipatikana, hupulizwa naitrojeni ya maji, baridi kali mno. Ngozi inageuka nyeupe hapohapo, inawaka kwa dakika chache, inatoa lengelenge, na baada ya siku kadhaa gamba linaanguka. Kidonda kinachotiliwa shaka hukatwa kipande kidogo kwenda maabara. Kinachohitaji upasuaji hupewa rufaa. Kazi ya dakika hizo chache inamwepushia mtu wodi ya Bugando miaka mitano baadaye, na inafanywa na tabibu aliyesoma miaka miwili.

Kila Januari wahitimu hualikwa tena Moshi kwa mkutano wa masomo, pamoja na walimu kutoka nchi mbalimbali. Wengine hawana mwenzao wa fani hiyo wilaya nzima, kwa hiyo mkutano ule ndio nafasi yao ya kubishana juu ya kesi ngumu. Halmashauri inayomsomesha tabibu mmoja kisha ikampangia kazi ya ofisini imepoteza fedha na imewapoteza wagonjwa. Wahitimu wapewe vyumba vya kliniki, na naitrojeni isikosekane.

Kwa wazazi wa Igoma, Kishiri na Nyakato wenye mtoto mwenye ualbino: mpelekeni akaguliwe ngozi kila miezi sita hata kama hana kidonda. Kapelo haitoshi, maana inaacha masikio na kisogo wazi. Mnunulieni pama yenye ukingo mpana pande zote, na shati la mikono mirefu. Losheni ipakwe kabla hajatoka nyumbani, irudiwe mchana. Mwalimu naye amkalishe mbele, karibu na ubao, na mstarini amweke kivulini, na michezo yake ipangwe asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limepungua.