Nyeupe au Buluu: Rangi ya Chumba Chako

Leo tunazungumzia chumba ambacho wengi tunacho mjini: dirisha moja, na mbele yake ukuta wa jirani. Fundi anauliza, tupake nyeupe au buluu iliyokolea?

Nyeupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Buluu iliyokolea hurudisha chini ya asilimia 10. Mwanga uliobaki humezwa na ukuta. Kwa hiyo chumba cha buluu kitakudai taa hata mchana, na umeme wa luku utakwisha mapema. Buluu ina uzuri wake, hasa chumba cha kulala, ambako giza kidogo huleta utulivu. Lakini watoto wanaosomea humo watachoka macho.

Usichague kwa kutazama kikaratasi cha dukani. Nunua kopo dogo la kila rangi, paka kipande kikubwa kwenye kuta mbili, acha kikauke kabisa, kisha kitazame asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Balbu ya kelvini 2700 hutoa mwanga wa manjano, na nyeupe yako itaelekea umanjano. Ya 6500 huifanya ielekee ubuluu.

Ndiyo, nyeupe huonyesha alama za mikono. Dawa yake ni rangi ya silki, inayofutika kwa kitambaa chenye maji.

Kwa chumba cha dirisha moja, chagua nyeupe. Ukiipenda sana buluu, ipake ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya kitanda.