Mulika Mwizi na Usingizi wa Raia
Hapana shaka kwamba taa za mlingoti, ziitwazo mulika mwizi, zimewaletea wachuuzi wa masoko ya Kitui na Makueni amani na riziki, wala hatutamani kiza kirudi. Lakini nuru hiyohiyo, hasa ile nyeupe yenye samawati, ipenyapo dirisha lisilo pazia ikamwangukia usoni mtoto aliyelala, huuhadaa ubongo ukadhani kungali mchana, ukazuia melatonini, homoni iuashiriayo mwili kulala. Wala hadhuriki aliyelala tu: tangu 2007 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani imeihesabu kazi ya usiku miongoni mwa mambo ambayo yamkini huleta maradhi hayo. Basi mama auzaye chai usiku kucha Emali, Makueni, yapitapo malori ya Mombasa, astahili kustiriwa zaidi, na waliolala pia: kaunti zizifunike taa hizo zimulike chini, sokoni, zisiingie vyumbani mwa watu.