Mgonjwa Naye Ana Kauli
(Mazungumzo mbele ya wazazi wa wanafunzi wa madrasa)

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Wazazi wetu na ndugu zetu katika imani, tumeombwa tuzungumzie hukumu ya kujitibu. Tungeweza kuwasomea vitabu na kuondoka, lakini jambo hili limepita ndani ya nyumba yetu, na tumeona ni khiyana kulisema kana kwamba ni la watu wengine.

Mama yetu mzazi alianza kukwamwa na tonge. Kwanza ugali, kisha wali, mwisho hata uji ulimshinda. Kipimo cha kamera kilionyesha saratani ya umio, nayo ilikwisha kufika kwenye ini. Saratani hii ni miongoni mwa zinazowasumbua sana watu wa Afrika Mashariki, na wengi hufika hospitali wakati chakula kimekwisha kukataa kupita.

Daktari alituwekea njia mbili. Ya kwanza ni dawa kali za kuua seli za saratani, zinazotiwa kwa mshipa kwa mizunguko sita, kila mmoja baada ya wiki tatu. Ya pili ni kuwekewa bomba dogo la waya linalotanua umio ili chakula kipite, pamoja na morfini ya maji kwa maumivu. Watoto tulikaa kikao usiku ule ule, tukachagua ya kwanza. Kaka yetu mkubwa alisema kiwanja kiuzwe. Hakuna aliyepinga, kwani nani atakubali aitwe mtoto aliyemwacha mama yake afe? Na mama mwenyewe, je? Mama tulimwambia ana vidonda vya tumbo.

Katika maradhi yake ya mwisho Mtume (s.a.w.), watu wa nyumbani kwake walimtia dawa upande wa kinywa, naye akiwaashiria wasifanye hivyo. Walidhani ni ile chuki ya mgonjwa kwa dawa. Alipopata nafuu aliwalaumu, akaamuru kila aliyekuwemo nyumbani atiwe dawa ile ile mbele ya macho yake, isipokuwa ami yake Abbas ambaye hakushuhudia. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari, kimepokewa na Bibi Aisha (r.a.). Tumekisomesha miaka mingi. Haikutupitikia hata siku moja kwamba sisi ndio wale waliomo nyumbani.

Watu huipenda hadithi ya kuamrishwa kujitibu, na wana haki. Lakini wanazuoni hawakuiweka amri hiyo katika daraja moja. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, ilieleza kuwa tiba huwa wajibu pale ambapo kuiacha kunaangamiza nafsi au kiungo, au maradhi yanaambukiza wengine. Huwa pia sunna, huwa mubaha, na huwa makuruhu pale inapohofiwa kuleta madhara makubwa kuliko maradhi yenyewe. Na ikashurutisha idhini ya mgonjwa aliye timamu.

Tukarudi kwa daktari na swali ambalo hatukuwa tumeliuliza: dawa hii inaponya, au inarefusha? Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tunajua kuwa ilaji si shifaa, ila siku ile neno "tiba" lilituziba masikio. Akajibu bila kuficha. Saratani iliyofika kwenye ini haitaondoka. Kwa baadhi ya wagonjwa uvimbe husinyaa na miezi ikaongezeka. Kwa wengine halibadiliki neno. Na mwili hulipa: kutapika, vidonda vya kinywa, kinga kushuka hata homa ndogo ikawa hatari, na mojawapo ya dawa hizo huumiza figo. Mama alikuwa na kisukari cha miaka mingi.

Tulipomweleza, alinyamaza, kisha akasema: "Wanangu, vidonda vya tumbo havimlizi mwanamume jikoni." Alikuwa akijua. Akamuuliza daktari mambo mawili tu: je, atakula? Je, ataweza kusimama akaswali? Akachagua bomba kwanza, kisha mzunguko mmoja wa dawa kali, "ili kaka yenu asije akajilaumu." Akasharti kuwa akisema basi, iwe basi.

Hapo napo tulikosea, maana tulifurahi badala ya kulitafakari neno lake. Mgonjwa naye huwaonea huruma wazima.

Mzunguko ule mmoja ulimlaza siku kumi kwa homa. Akasema basi. Kaka akataka wa pili. Sisi tukasimama na mama. Bomba lilimpa wiki nyingi za uji na samaki wa kupondwa. Jirani mmoja mzee alituonya kwamba morfini ni ulevi, tukamweleza kuwa mafakihi waliruhusu tangu zamani dawa ya kupoteza fahamu kwa anayekatwa kiungo, seuze matone yaliyopimwa na daktari.

Alifariki nyumbani, mwezi wa nne tangu kikao kile. Allah amrehemu. Kaka yetu hadi leo anasema mizunguko mitano iliyobaki ingeleta kitu. Hatubishani naye. Kiwanja kingalipo.

Maswali yenu tutayapokea baada ya swala ya Isha. Wabillahi tawfiq.