Majina Yetu na Kitabu cha Ubatizo



Nimeombwa niseme machache juu ya habari za jamaa zetu, tukaao ng'ambo mbili za Mto Mara, mto utokao milima ya Mau katika Kenya na kuingia ziwani karibu na Musoma. Wengi hudhani ya kwamba habari za parokia zetu zimo katika kitabu cha ubatizo peke yake. Kitabu hicho ni cha thamani kubwa. Lakini misioni ya Nyegina ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1911. Je, kabla ya mwaka huo watu wetu hawakuwa na habari? Walikuwa nazo, nao waliziweka mahali ambapo mchwa hawali, yaani katika majina ya watoto wao.

Tutazame mfano ujulikanao na wote. Katika nchi ya Wazanaki alizaliwa mtoto, yapata mwaka 1860, wakati viwavi walipoivamia nchi. Kiwavi kwa Kizanaki ni nyerere. Basi mtoto akaitwa Nyerere, mwana wa Burito. Hapakuwa na karani wala kalenda. Lakini hata leo kila alitamkaye jina hilo hutaja mwaka wa viwavi, ajapokuwa hajui. Mtoto huyo akakua, akawa mtemi, akafariki mwaka 1942.

Tarehe 13 Aprili 1922 mkewe, Mugaya wa Nyang'ombe, alijifungua mtoto wa kiume huko Butiama. Kwanza aliitwa Mugendi, maana yake mtembeaji. Kisha akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, kwa kuwa siku ile mvua ilinyesha. Hata tarehe 23 Desemba 1943 akabatizwa Nyegina, akaitwa Julius. Tazameni basi: Julius Kambarage Nyerere. Jina la kwanza ni maji ya ubatizo, la pili ni mvua, la tatu ni viwavi. Ulimwengu ulilisoma jina hilo ukamwona rais wa Tanzania. Sisi twasoma ndani yake habari za ukoo mmoja kwa miaka zaidi ya themanini.

Tena mto haukuwatenga watu. Tarehe 24 Januari 1953 alifunga ndoa mjini Musoma na Maria Gabriel, mzaliwa wa Baraki, kaskazini ya Mto Mara. Ndivyo zilivyo jamaa nyingi kwetu: baba wa ng'ambo hii, mama wa ng'ambo ile. Na huko kaskazini Wajaluo nao humwita Okoth aliyezaliwa wakati wa mvua, na Otieno aliyezaliwa usiku.

Wako wasemao ya kwamba majina hayo ni ya kipagani, yafaa kuachwa. Lakini yule aliyebatizwa Nyegina hakulitupa jina la mvua. Alikwenda nalo mpaka kaburini, Butiama, tarehe 23 Oktoba 1999. Na mwaka 2005 jimbo la Musoma likaanza kuchunguza habari za maisha yake, ili ajulikane kama astahili kuitwa mwenye heri.

Hazina hii sasa yapotea. Kijana huulizwa maana ya jina la babu yake, akanyamaza. Mzee akizikwa, majina ya ukoo huzikwa naye bila kufasiriwa. Kitabu cha ubatizo chaweza kutupa tarehe, lakini hakisemi kwa nini mtoto aliitwa hivyo.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla mwaka wa jubilei haujaisha, kila nyumba itwae karatasi, iandike majina ya mababu na mabibi, wa kuumeni na wa kukeni. Maana ya kila jina. Mahali walikotoka, na kivuko walichovukia. Na wasimamizi wao wa ubatizo. Bibi zetu waulizwe kwanza, maana ndio waliowapokea watoto walipozaliwa, nao wajua kama ilikuwa masika au kiangazi. Nakala moja ikae nyumbani, ya pili iwekwe parokiani pamoja na vitabu vya ubatizo. Tena mtoto akiletwa kubatizwa, wazazi wasione haya kulitaja jina la ukoo kando ya jina la mtakatifu.

Msingoje kesho, ndugu zangu. Karatasi zapatikana kila siku. Wazee hawapatikani kila siku.