Stesheni ya Kima na Daftari la Majina
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumeombwa tuseme machache juu ya stesheni ndogo ya Kima, iliyo katika nchi ya Ukambani, baina ya Sultan Hamud na Konza. Twashukuru kwa heshima hii, nasi tutajitahidi tusiwachoshe.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Kwa kuwa njia ilikuwa moja tu, ilibidi ziwepo stesheni porini ili magari ya moshi yapate kupishana. Kima ni mojawapo ya stesheni hizo.

Mwaka 1900 simba alizoea kuja Kima na kuwakamata watumishi wa reli. Usiku wa tarehe 6 Juni, Bwana C. H. Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alimvizia akiwa ndani ya behewa lililowekwa kando ya njia kuu, pamoja na wenzake wawili. Wenzake walilala, naye akashika zamu; usingizi ukamchukua. Simba akaingia mlangoni, akamwua, akatoka naye dirishani. Baadaye simba huyo alinaswa mtegoni, akapigwa risasi. Kaburi la Bwana Ryall liko Nairobi, na jiwe lake lina jina lake na habari ya kifo chake.

Hatumwonei kijicho; afaye kazini astahili jiwe. Lakini wale watumishi waliotangulia kuuawa pale Kima, majina yao yako wapi? Tsavo nako, mwaka 1898, mambo yalikuwa yale yale. Bwana Patterson, aliyewaua simba wawili wa huko, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907 kwamba Wahindi 28 waliuawa. Juu ya Waafrika alisema kwamba ni wengi, ila hesabu yao haikuwekwa. Watu hao walikuwa na mama zao na watoto wao, waliongoja habari isiyofika.

Wazee wetu, ndiyo sababu chama chetu kina daftari. Wako wenzetu waonao taabu kuandikisha jina la baba, kijiji, na jamaa wa kupashwa habari. Husema, "Ya nini, nasi twajuana?" Hata wale wa Kima walijuana.

Tangu mwaka 2017 abiria wa Mombasa na Nairobi husafiri kwa reli mpya, isiyo na kituo Kima. Stesheni yaweza kusahauliwa, na hilo si ajabu. Mtu asisahauliwe. Basi twamwomba kila mwanachama amwendee Katibu, aandikishe jina lake na ya jamaa zake, kabla ya kurudi nyumbani.